SAMBO: MIELEKA YA WARUSI ILITOKA WAPI, NA JE, NI HALALI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mhariri alipotutaka tuandike makala za kufafanua mambo, wengi wetu walikimbilia mada za mazingira na ajira. Mimi nimechagua mchezo. Tena si kandanda wala voliboli, bali mieleka iitwayo sambo, ambayo kwao ni Urusi.

Najua wako watakaocheka: "Sambo nayo inahusu nini sisi watu wa Kitale?" Inatuhusu. Kwa muda wa muhula mzima bweni letu limegawanyika pande tatu kwa sababu ya hiyo sambo. Upande wa kwanza unasema ni mapigano ya kale kabisa ya Warusi, yenye miaka elfu moja. Upande wa pili unasema hakuna kitu kama hicho, ati ni judo ya Wajapani iliyoibwa ikabadilishwa jina. Upande wa tatu wenyewe haujali. Unasema ngumi ni ngumi, hata ikitoka mwezini. Wakati wa prepu sauti zimepanda mpaka mwalimu wa zamu akaja. Nikaona heri niende maktaba nisome, niwaulize wanaojua, kisha niandike. Kuuliza si ujinga.

SAMBO NI NINI HASA?

Jina lenyewe si la kale. Ni kifupisho cha maneno matatu ya Kirusi yenye maana ya "kujikinga bila silaha". Ni kama sisi tunavyofupisha majina ya vyama na mashirika. Mwalimu mmoja alishtuka aliponisikia nikilitamka, kwa maana huko Uingereza na Marekani neno linaloandikwa hivyo hivyo lilikuwa tusi la kumdharau mtu mweusi. Ni kweli lilikuwa tusi, na ni tusi baya. Lakini maneno haya mawili hayana ukoo. Yamefanana kwa bahati tu, kama vile "kaa" la moto lilivyofanana na "kaa" wa baharini.

Katika sambo ya michezo wachezaji wawili huvaa jaketi zito lenye mkanda, kaptula na viatu vyepesi. Mmoja huvaa nyekundu, mwingine buluu. Kila mmoja hujaribu kumshika mwenzake jaketi na kumwangusha. Ukimwangusha mpinzani wako akapiga mgongo chini barabara, nawe ukabaki umesimama, mchezo umekwisha, umeshinda. Usipofanya hivyo unahesabiwa pointi kwa namna ulivyomwangusha. Wakiwa chini, unaweza kumbana asiinuke, ama ukampinda mkono au mguu mpaka asalimu amri. Akipigapiga mkeka kwa kiganja, unamwachilia mara moja.

Hapo ndipo unaweza kuitofautisha na judo. Judo ya leo inakataza kupinda miguu, lakini inaruhusu kukaba koo. Sambo ya michezo inaruhusu kupinda miguu, lakini kukaba koo ni marufuku. Kwa lugha ya mtaani, ngeta hairuhusiwi! Ipo pia sambo ya mapigano, ambayo ina ngumi na mateke. Wachezaji huvaa kofia ngumu na glavu, na humo kukaba kunaruhusiwa. Khabib Nurmagomedov, ambaye wengi wetu tumemwona kwenye video, alikuwa bingwa wa dunia wa sambo ya mapigano kabla hajajulikana kote. Na wasichana msijione mmeachwa nyuma, kwani wanawake nao hushindania ubingwa wa dunia.

HADITHI ILIYOANDIKWA VITABUNI

Sasa tuje kwenye asili. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Umoja wa Kisovieti, yaani ule muungano uliotawaliwa kutoka Moscow mpaka ulipovunjika mwaka 1991, walifundishwa hivi: Kulikuwa na mtu aliyeitwa Anatoly Kharlampiev, aliyezaliwa mwaka 1906. Mtu huyu alizunguka nchini akakusanya mieleka ya makabila mbalimbali: chidaoba ya Wageorgia, kurash ya Wauzbeki, mieleka ya Watatari, ya Waarmenia na ya wengineo. Akachagua mbinu bora, akazichanganya, ikazaliwa sambo. Tarehe 16 Novemba 1938 serikali ikatoa amri kwamba mieleka hiyo iendelezwe kote nchini. Mpaka leo tarehe hiyo husherehekewa kama siku ya kuzaliwa kwa sambo. Mwaka 1949 Kharlampiev akatoa kitabu kikubwa juu ya mchezo huo.

Hadithi hii ni tamu. Inaonyesha makabila mengi yakichangia kitu kimoja, kila mmoja akileta kuni zake kwenye meko. Nani asingeipenda? Tena si uongo mtupu. Mbinu za Wageorgia zimo ndani ya sambo, hata kipofu angezihisi. Amri ya 1938 ilitolewa kweli, na Kharlampiev alifanya kazi kubwa kweli.

Lakini ndani ya hadithi hiyo kuna mtu aliyeondolewa. Ni kama picha ya arusi ambayo imekatwa kwa makasi, ukabaki unaona mkono tu juu ya bega la bwana arusi, wala hujui ni mkono wa nani.

MKONO ULIOKATWA PICHANI

Mwenye mkono huo aliitwa Vasili Oshchepkov. Alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1892 katika kisiwa cha Sakhalin, mashariki kabisa mwa Urusi, mahali ambapo serikali ya mfalme ilikuwa ikipeleka wafungwa. Mama yake alikuwa mmoja wa wafungwa hao. Wazazi wakafa angali mtoto, akabaki yatima. Wamisionari wa Kanisa la Orthodoksi wakampeleka Tokyo kusoma katika seminari yao. Hapo akajifunza Kijapani, na hapo akakutana na judo.

Judo wakati huo ilikuwa bado changa. Aliyeianzisha ni mwalimu aitwaye Jigoro Kano, mwaka 1882, katika shule yake iliyoitwa Kodokan. Oshchepkov alipokelewa Kodokan mwaka 1911. Mwaka 1913 akapata mkanda mweusi wa daraja la kwanza, na mwaka 1917 daraja la pili. Fikiria, ndugu msomaji: yatima, mtoto wa mfungwa, mgeni katika nchi iliyokuwa imepigana na nchi yake mwaka 1904 na 1905, akafika mahali ambapo Warusi wengine hawakuwa wamefika. Mvumilivu hula mbivu.

Mwaka 1914 alirudi Urusi akaanzisha kikundi cha judo katika mji wa bandari wa Vladivostok. Baada ya mapinduzi, serikali mpya ilimtumia kwa kazi nyingine. Kwa kuwa alijua Kijapani kama mzaliwa, alitumwa Japani kupeleleza, akijifanya mfanyabiashara wa filamu. Hatimaye akafika Moscow, akawa mwalimu katika chuo kikuu cha elimu ya viungo. Humo ndimo alimofundisha judo, na humo ndimo alimoanza kuibadilisha. Alilibadilisha vazi. Akaongeza mbinu zilizotoka kwenye mieleka ya makabila mengine. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana aitwaye Kharlampiev. Naam, yule yule wa vitabuni.

Wakati huo huo, palikuwa na mwalimu mwingine Moscow, Viktor Spiridonov. Huyu alikuwa askari aliyepigana na Wajapani, kisha akaumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alifundisha katika chama cha michezo cha Dynamo, kilichoanzishwa mwaka 1923 kwa ajili ya polisi na walinzi wa usalama. Alichofundisha kilitoka kwenye jujitsu, na aliandika vitabu juu yake. Watu wa Oshchepkov na watu wa Spiridonov walienda njia mbili, lakini mito hiyo miwili ilikuja kumwaga maji yake katika sambo.

KWA NINI JINA LAKE LILIFUTWA?

Mwaka 1937 Stalin alikuwa akiwatafuta maadui kila pembe, na alipowakosa aliwatengeneza. Mtu aliyejua lugha ya kigeni alishukiwa. Mtu aliyeishi ng'ambo alishukiwa zaidi. Sasa niambie, mtu aliyekulia Tokyo, anayeongea Kijapani, na anayefundisha mchezo wa Kijapani, atapona vipi? Mapema Oktoba 1937 polisi wa siri walikuja kumchukua Oshchepkov usiku. Alituhumiwa kuwa jasusi wa Japani, yaani nchi ile ile aliyokuwa ametumwa kuipeleleza! Tarehe 10 Oktoba 1937, kabla hazijapita hata siku kumi, akafia katika gereza la Butyrka mjini Moscow. Hakuwa ametimiza miaka 45.

Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye ndipo ile amri ya 16 Novemba 1938 ilipotolewa. Mwaka huo huo wa 1938, katika Julai na Agosti, majeshi ya Kisovieti na ya Kijapani yalikuwa yamepigana kwenye Ziwa Khasan. Nani angethubutu kusimama hapo na kusema, "Mheshimiwa, mchezo huu tulifundishwa na marehemu fulani, ambaye naye alifundishwa na Wajapani"? Angemfuata huyo marehemu jioni hiyo hiyo.

Kwa hiyo wanafunzi wa Oshchepkov walikuwa na njia mbili tu: kulitaja jina la mwalimu na mchezo ufe, ama kulinyamazia jina na mchezo uishi. Walinyamaza. Mimi siwezi kuwahukumu sana kwa miaka ile ya hatari. Lakini Stalin alikufa mwaka 1953, na mwaka 1957 serikali yenyewe ilitangaza kuwa Oshchepkov hakuwa na hatia. Hata hivyo vitabu viliendelea kusema muasisi ni Kharlampiev. Ni kuanzia miaka ya 1980 ndipo watafiti wa Kirusi walipoanza kuchapisha habari za Oshchepkov hadharani, na siku hizi anatajwa pamoja na Spiridonov na Kharlampiev kama waasisi. Kharlampiev aliupanga mchezo, akaupigania, akauandikia. Hiyo ni haki yake, asinyimwe. Kosa ni kumpa na haki ya mwenzake.

BASI, NI WIZI?

Wale wa upande wa pili bwenini sasa watapiga makofi: "Si tulisema! Ni judo ya wizi!" Polepole jamani.

Kwanza, judo nayo haikushuka kutoka mbinguni. Kano aliitengeneza kutokana na shule za jujitsu za zamani alizosomea yeye mwenyewe. Karate ilitoka Okinawa, na Waokinawa walikuwa wamechukua mengi kwa Wachina. Zamani jina lake liliandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa Kichina". Ni katika miaka ya 1930 ndipo lilipobadilishwa kuwa "mkono mtupu", wakati ambapo Japani na China zilikuwa zikielekea vitani. Unaona? Ni mchezo ule ule wa makasi na picha. Nayo taekwondo, jina lake lilipatikana mwaka 1955. Wengi husema ina miaka 2,000, lakini Jenerali Choi Hong Hi aliyeisambaza alijifunza karate akiwa mwanafunzi huko Japani. Korea ilikuwa imetawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, ndiyo maana hawakupenda kulisema hilo.

Je, taekwondo ni feki kwa sababu hiyo? Kamuulizeni Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii hapa Bungoma. Mwaka 2020 alifuzu kule Rabat, Moroko, na mwaka 2021 akaiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mateke yake hayakuuliza kama mchezo una miaka 2,000 au 60. Yalitaka mazoezi.

Pili, sisi wenyewe tunajua kwamba kupokea kwa jirani si wizi. Wazee wa Kibukusu husimulia habari za Mango. Alikuwapo nyoka mkubwa aliyekaa pangoni na kuwasumbua watu. Mango akaenda akamuua. Na ni nani waliomtahiri baada ya ushujaa huo? Simulizi yetu haifichi: ni jirani zetu, wale tunaowaita Barwa, yaani Wasabaoti na jamaa zao. Tangu hapo, kwa mujibu wa wazee, Wabukusu wakashika tohara, na mpaka leo kila mwaka unaogawika kwa mbili, mwezi wa Agosti, kengele hulia Bungoma na Trans Nzoia. Jambo kubwa kama hilo, linalomfanya mvulana wa Kibukusu awe mwanamume, na bado simulizi inamtaja jirani aliyetupa! Wala hakuna Mbukusu anayejiona mdogo kwa sababu hiyo. Heshima ya Mango haipungui hata chembe Wasabaoti wanapotajwa.

Hapa ndipo nilipoona tofauti. Wakuu wa Moscow walidhani kwamba wakimtaja jirani, mchezo wao utaonekana si wao. Wazee wetu wasiokuwa na chuo wala kiwanda cha vitabu walijua kwamba kitu huwa chako kwa jinsi unavyokitunza, wala si kwa kumsahau aliyekupa. Sambo ni ya Warusi, na ya Wageorgia, na ya wenzao, kwa sababu waliilea. Lakini mbegu yake kubwa ilitoka Tokyo, na aliyeibeba aliitwa Oshchepkov. Maneno yote mawili ni kweli kwa pamoja.

UHALALI UNAPIMWA KWA NINI?

Nimegundua kuwa kule bwenini tulikuwa tukigombana kwa sababu tulichanganya maswali matatu kuwa moja. Swali la kwanza: asili yake ni ipi? Hilo tumelijibu. Swali la pili: inafanya kazi? Swali la tatu: inatambuliwa?

Kama inafanya kazi, hilo huonyeshwa uwanjani. Mwaka 1964 judo iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Tokyo kwenyewe. Warusi na wenzao hawakuwa na desturi ndefu ya judo ya mashindano. Walichukua wanamieleka wa sambo wanne, wakawavisha mavazi ya judo, wakawapeleka. Wote wanne walirudi na medali za shaba. Mbele ya Wajapani, nyumbani kwa Wajapani! Hapo hakuna haja ya ushahidi wa babu wa miaka elfu.

Kuhusu kutambuliwa: mwaka 1966 shirikisho la mieleka la dunia liliikubali sambo kama aina mojawapo ya mieleka ya kimataifa. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Tehran, Uajemi, mwaka 1973. Mwaka 1984 sambo ikapata shirikisho lake yenyewe la kimataifa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua kwa muda mwaka 2018, na kuitambua kikamilifu mwaka 2021. Lakini tusidanganyane: kutambuliwa si kuchezwa. Sambo haikuwamo katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Ni kama chama cha shule ambacho mwalimu mkuu amekisajili, lakini bado hakijapewa siku ya kutumbuiza kwenye hafla ya wazazi.

JIHADHARI NA YA SIRI

Sasa nifike pale panaponikera. Upande wa kwanza wa bweni letu, wale wa miaka elfu moja, hawakuyatoa maneno yao hewani. Muhula wa pili karatasi zilibandikwa kwenye nguzo za stima mjini, zikitangaza mafunzo ya "mapigano ya siri ya Warusi", yaliyohifadhiwa na watawa na makomando. Kiingilio ni shilingi elfu mbili na mia tano, na cheti unapata baada ya wiki sita. Karatasi zizo hizo nikazikuta Bungoma siku ya soko. Mdogo wangu, anayekaa na nyanya yetu huko, alikuwa ameshauza kuku wawili aliowafuga mwenyewe, na wa tatu alikuwa amefungwa miguu tayari. Akaniuliza, "Kaka, hii kitu ni ya ukweli ama ni ya uongo?"

Huko Urusi upo kweli mtindo mwingine usio sambo, ambao huitwa Sistema. Walimu wake waliojulikana ni kama Alexei Kadochnikov na Mikhail Ryabko, na mwanafunzi wa Ryabko aitwaye Vladimir Vasiliev alifungua shule Toronto, Kanada, mwaka 1993. Wako wafuasi wanaosema kuwa Sistema ni urithi wa mashujaa wa karne ya kumi. Lakini ukiuliza hati za kuunganisha karne hiyo na leo, hupewi. Ukiuliza mashindano ya wazi ambapo mtu asiyekubali kuangushwa huangushwa, huoneshwi. Wapo wanaoipenda kwa mafunzo yake ya kupumua na kulegeza mwili, na hilo ni hiari yao. Ila mtu asichukue sifa za sambo, iliyopigana hadharani tangu zamani, akazibandika kwenye kitu cha siri halafu akauza.

Kwa hiyo nilimpa mdogo wangu maswali manne, nami nawapa ninyi. Ukienda kwa mwalimu yeyote wa kupigana, awe wa sambo, karate, judo au nini sijui, muulize hivi:

Kwanza, ulifundishwa na nani, wapi, mwaka gani? Mwalimu wa kweli hujibu kwa majina na miaka, kama tulivyoweza kusema Oshchepkov, Kodokan, 1911. Anayejibu "wazee wa kale" na kunyamaza, shika njia.

Pili, wanafunzi wako hushindana na watu wa nje? Jogoo wa shamba hawiki mjini, lakini basi tumwone akijaribu.

Tatu, ninaweza kukaa pembeni nikatazama siku moja kabla ya kulipa? Duka zuri halikatazi mtu kuangalia bidhaa.

Nne, mtu akipigapiga mkeka, mwenzake huachilia? Hili ni la afya yako. Goti likiteguka limeteguka, na cheti hakiponyi.

Mdogo wangu alienda na maswali hayo pamoja na mjomba. Lile la kwanza liliwatosha, kwa maana mwalimu alikasirika akasema siri hazisemwi kwa watoto. Kuku wa tatu yu hai, na nyanya amesema anataga.

TUSEME NINI, BASI?

Kwa upande wa kwanza wa bweni: sambo haina miaka elfu. Ina umri unaokaribia wa babu zetu, na haidhuriki kwa hilo. Uhalali si uzee. Kwa upande wa pili: haikuibwa, ilipokelewa, ikachanganywa, ikalelewa. Kilichoibwa ni jina la mtu, tena aliibiwa na serikali yake mwenyewe. Na kwa upande wa tatu, mnaosema asili si kitu, nitawauliza jambo moja. Kama asili si kitu, kwa nini serikali yenye mizinga na ndege ilihangaika kuificha? Watu hawafichi kisicho na thamani.

Sisi nasi tunayo ya kwetu. Kule Lamu kuna kirumbizi, mchezo wa wanaume wawili wanaokabiliana kwa bakora huku ngoma na zumari zikilia, nao huchezwa wakati wa Maulidi na kwenye harusi. Huku kwetu wavulana wamepigana miereka kwenye malisho tangu enzi za mababu, wala hakuna aliyekuja kutuuliza kanuni zake tuziandike. Naomba wanachama wenzangu, likizo ijayo kila mmoja amkalie mzee mmoja kwao. Wa Kiminini aulize Kiminini, wa Kimilili aulize Kimilili, na ndugu zetu wa Mlima Elgon waulize kwao. Mulizeni mieleka yao ilikuwa na sheria gani, mtu aliangushwaje akahesabiwa ameanguka, na ni nani aliyewafundisha. Kisha andikeni jina la huyo aliyefundisha, hata kama alikuwa wa kabila jingine. Toleo la mwakani litakuwa na nafasi.

Mwenye hoja ya kupinga aniletee kwenye mkutano wa Chama, Alhamisi baada ya masomo. Aje na maneno, mikono aiache mfukoni.